Kisu cha mfukoni: nichague chuma kipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitazama kisu cha kukunja cha bei, karibu na bawaba utakuta herufi na namba ndogo zimechongwa: S35VN, M390, 20CV, MagnaCut. Muuzaji atakwambia hizo ndizo zilizopandisha bei, na kwa sehemu anasema kweli. Majibu haya ni ya mtu atakayekitumia kisu kila siku na kukinoa mwenyewe. Wa kukiweka kabatini anunue kinachompendeza macho.

Hizo herufi na namba zina maana gani?

Ni jina la chuma, na limetolewa na kiwanda kilichokiyeyusha, si kilichounda kisu. M390 ni ya Böhler ya Austria, Elmax ni ya Uddeholm ya Sweden, VG-10 ni ya Takefu ya Japani. 14C28N ilitoka Sandvik ya Sweden, ambako kitengo hicho sasa kinaitwa Alleima. Vyuma vinavyoanza na CPM, zikiwamo S30V na ndugu zake na MagnaCut, vilitoka Crucible ya Marekani.

Namba hazifuati mpangilio mmoja. S90V ina vanadi (metali inayochanganywa na chuma) asilimia 9 kweli, lakini S30V haina 3, ina 4. Kwa hiyo usinunue kwa ukubwa wa namba, kama mtu anayechagua betri.

Basi chuma kipi ni bora kuliko vyote?

Hatuwezi kujibu mpaka useme kisu kitakata nini. Chuma cha kisu hupimwa kwa mambo manne: kinashika makali muda gani, kinavumilia kiasi gani kabla ya kumeguka, kinahimili kutu namna gani, na kinanoleka kwa shida gani. Mambo haya yanavutana kama shuka fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. S90V itakata makatoni muda mrefu sana kabla ya kuwa butu, ila ikigonga msumari makali yanatoka mapengo. CPM 3V inavumilia vishindo, lakini iache na maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi utakuta madoa.

Akitokea mtu anakuuzia chuma chenye yote manne kwa kiwango cha juu, muulize amepima wapi.

Kwa nini chuma kimoja kinashika makali kuliko kingine?

Ndani ya chuma kuna chembe ndogo ngumu ziitwazo kabidi, ambazo ni kaboni iliyoungana na kromi, vanadi, niobi au molibdeni. Chuma chenyewe, kikishapata moto vizuri, kina ugumu wa karibu 700 kwa kipimo kiitwacho Vickers. Kabidi za kromi hupita 1,500. Kabidi za vanadi hufika 2,800 hivi.

Sasa linganisha na vitu unavyokata. Katoni, kamba ya mkonge, zulia, gunia, vyote vina vumbi la mchanga ndani yake, na mchanga una ugumu wa karibu 1,100. Mchanga unakwangua chuma, lakini hauzikwangui kabidi za vanadi. Ndiyo maana chuma chenye vanadi nyingi hukaa mbele ya katoni muda mrefu. Kuna mashine ya kupimia iitwayo CATRA, ambayo kisu hukata karatasi zilizochanganywa na mchanga wa silika kwa mwendo na uzito uleule. Katika takwimu za Crucible wenyewe, 440C ikiwekwa kuwa 100, 154CM hufika 120 na S30V 145.

Hapo lazima tuweke breki. Faida hiyo ni ya msuguano tu. Ukikata nyanya na vitunguu nyumbani, hakuna mchanga wa kutosha kumaliza makali. Makali yanauawa na kitu unachokatia juu yake. Ukikatia kwenye sahani ya kauri au kaunta ya terazo, makali yatalala au kumeguka kwa kugongana na kitu kigumu, na hapo S90V haina cha kumzidi kisu cha bei ya soko. Kibao cha mbao kitakusaidia kuliko kubadilisha chuma.

Tena kabidi hizohizo ndizo ufa unapoanzia. Zikiwa nyingi na kubwa, chuma kinakuwa kama zege lenye kokoto nyingi na saruji kidogo.

Chuma cha unga ni nini, na kinastahili bei yake?

Chuma cha kawaida humiminwa kwenye kalibu na kupoa polepole. Wakati kinapoa, kabidi zinapata nafasi ya kukua na kujikusanya. Kwenye chuma cha D2 cha kawaida zinaweza kufika makumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani kubwa kuliko unene wa makali yenyewe.

Kwenye njia ya unga, chuma kilichoyeyuka hupuliziwa gesi ya naitrojeni kwa nguvu, kikatawanyika kuwa matone yanayoganda papo hapo. Unga huo hujazwa kwenye mkebe wa chuma, hewa ikatolewa, kisha mkebe ukakandamizwa kwa joto na shinikizo mpaka unga ushikane kuwa bonge moja. Kabidi hazipati muda wa kukua, hubaki na maikroni chache tu. Unapata wingi uleule wa chembe ngumu, lakini chuma kinameguka kidogo na kunoleka vizuri zaidi. Bila njia hii, S90V na M390 zisingefaa kwa kisu.

Hiyo haina maana kwamba kila chuma cha unga kinakishinda cha kawaida. 14C28N na AEB-L si za unga, na bado zina chembe ndogo sana, kwa kuwa zimepewa kaboni na kromi kwa kipimo ambacho hakiachi kabidi kubwa kutokea. Kwa kuvumilia vishindo zinazipita nyingi za bei mara tatu.

S30V, S35VN na S45VN zinatofautiana nini?

Hizi ni ndugu watatu. S30V ilitoka mwaka 2001. Dick Barber wa Crucible aliitengeneza akishauriana na watengenezaji visu, Chris Reeve akiwa mmojawapo. Ina kaboni 1.45%, kromi 14%, vanadi 4%, molibdeni 2%. Mwaka 2009 ikaja S35VN: vanadi ilipunguzwa hadi 3% na niobi 0.5% ikaongezwa, ikawa ngumu kumeguka kidogo na rahisi kwa kiwanda kuisaga na kuing'arisha. S45VN ya mwaka 2019 iliongezwa kromi hadi 16% na naitrojeni kidogo, hivyo inahimili kutu zaidi.

Mkononi tofauti ni ndogo. Kama tayari una S35VN, usiiuze ili ununue S45VN. Nunua bamba la almasi la kunolea kwa hiyo tofauti ya bei.

Mfano mzuri wa safari ya vyuma hivi ni kisu kiitwacho Sebenza, cha huyohuyo Chris Reeve, aliyetoka Afrika Kusini akahamia Idaho, Marekani. (Jina ni la Kizulu, maana yake kufanya kazi.) Umbo lake limebadilika kidogo tu kwa miaka yote hiyo, lakini bapa limepita ATS-34, BG-42, S30V, S35VN, S45VN na sasa MagnaCut. Hata zile za BG-42 bado zinakata.

M390, 20CV na 204P: nichague ipi?

Yoyote. Ni mchuzi mmoja wa wapishi watatu: Böhler, Crucible na Carpenter. Kaboni 1.9%, kromi 20%, vanadi 4%, molibdeni 1%, tangsteni 0.6%. Chuma hiki kilianzia kwenye mitambo ya plastiki, ambayo inahitaji kitu kisicholika wala kushika kutu. Kinashika makali kuliko S35VN na kinang'aa vizuri sana. Udhaifu wake ni kumeguka, hivyo kisu cha M390 si cha kubandulia kifuniko cha kopo la rangi.

Kwa nini kila mtu anataja MagnaCut?

Kwa sababu imevunja hesabu ya zamani, na inafaa kueleza namna ilivyofanya hivyo. Ilitoka mwaka 2021, na aliyeibuni ni Larrin Thomas, mtaalamu wa metali ambaye baba yake, Devin Thomas, ni mtengenezaji maarufu wa chuma cha Dameski (chuma chenye michoro ya mawimbi).

Ukisoma vipimo vyake utadhani kuna kosa la uchapaji: kaboni 1.15%, kromi 10.7% tu, vanadi 4%, niobi 2%, molibdeni 2%, naitrojeni 0.2%. Kromi chini ya 11, halafu inadaiwa haishiki kutu kuliko M390 yenye 20? Ndiyo. Kromi inayozuia kutu ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma chenyewe. Iliyofungwa ndani ya kabidi haikulindi. M390 ina kromi nyingi, lakini sehemu kubwa imemezwa na kabidi. MagnaCut imepangwa ili kaboni ishikane na vanadi na niobi, kabidi za kromi zisitokee kabisa, na karibu kromi yote ibaki huru kufanya kazi ya ulinzi.

Matokeo yake ni chuma kinachohimili kutu vizuri sana, kinachovumilia vishindo kama vyuma vinavyoshika kutu, na kushika makali kwa kiwango cha ndugu wa S35VN. Hakikufiki S90V kwa kushika makali, na atakayekwambia kinafika anakudanganya.

Uliza kitu kimoja kabla ya kulipa: ugumu. MagnaCut inaonyesha uwezo wake ikiwa HRC (kipimo cha ugumu, tutakieleza hapo chini) 62 hadi 64. Viwanda vingine huiacha 60 au 61 kwa kuwa ni rahisi kuisaga, na hapo makali hulala mapema.

Crucible imefilisika. Vyuma vya CPM vitaadimika?

Crucible iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2024, na mwaka 2025 jina la CPM likahamia kwa Erasteel ya Ufaransa. Kisu ulicho nacho hakijabadilika chochote.

D2 inashika kutu au haishiki?

Inashika. Imeandikwa kromi 12%, na wauzaji huiita "isiyoshika kutu kirahisi", lakini karibu nusu ya kromi hiyo iko ndani ya kabidi, kwa sababu ileile tuliyoitaja kwenye MagnaCut. Mahali pakavu, ukiifuta, utakaa nayo miaka. Ukiibeba mfuko wa nyuma kwenye jua la mchana, jasho litaitoa vidoa vya rangi ya chai ndani ya wiki. Kwa bei yake inashika makali vizuri, ila kunoleka ni kwa kusukumana.

Ninaishi pwani, au ninavua. Ninunue nini?

Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja haisubiri uloweshe kisu. Kitashika kutu ndani ya droo. Kwa matumizi ya mjini, MagnaCut, S45VN, 14C28N au Elmax zinatosha ukizifuta. Kwa anayeshinda kwenye maji ya bahari, kuna vyuma ambavyo sehemu kubwa ya kaboni imebadilishwa na naitrojeni. LC200N, iliyotokana na chuma cha beringi za ndege, ni mojawapo. Inavumilia vishindo sana, inanoleka kwa dakika chache, lakini makali yake hayadumu. Vanax ya Uddeholm inahimili bahari karibu sawa nayo na kushika makali zaidi, ila ni ghali na si rahisi kuipata. H1 ya Japani haishiki kutu kabisa kwa matumizi ya kawaida, nayo ni laini.

Kwa mvuvi, tungechagua LC200N. Samaki hawana mchanga wa kumaliza makali kama makatoni, na kunoa chomboni kwa dakika tano si taabu.

Watu husahau sehemu nyingine za kisu. Bapa la MagnaCut linaweza kutoka baharini likiwa safi huku skrubu, klipu na beringi ndogo za bawaba zimeshaota kutu. Ukitoka baharini, fungua kisu, kisuuze kwa maji baridi ya bomba, kikung'ute, kikaushe kikiwa wazi, halafu tone moja la mafuta kwenye bawaba.

HRC ni nini, na ninapaswa kuijali?

Ni kipimo cha ugumu cha Rockwell. Ncha ya almasi inakandamizwa kwenye chuma na kina cha tundu kinasomwa. Visu vya Victorinox vya Uswisi hukaa 55 hadi 56, visu vingi vya S35VN 59 hadi 61, M390 iliyofanywa vizuri 60 hadi 62.

Ijali kuliko jina la chuma. Kazi ya moto, yaani kuchoma, kupooza ghafla, kisha kurudisha kwenye moto mdogo, ndiyo inayoamua chuma kitafanya nini. M390 iliyoishia 57 italala makali mapema kuliko inavyopaswa, na 420HC ya bei nafuu iliyopikwa vyema itakushangaza. Buck, kampuni ya visu ya Marekani, walijijengea jina kwa 420HC iliyopitia utaratibu wa moto wa Paul Bos, chuma ambacho kwenye karatasi hakina cha kujivunia. Kama mtengenezaji hatangazi HRC ya kisu chake, chukulia kwamba ni ya chini.

Pembe ya makali ina uzito gani ukilinganisha na chuma?

Mkubwa. Ukitoka nyuzi 20 kila upande hadi 15, kisu kitakata kwa urefu zaidi kuliko ukihama kutoka chuma kimoja hadi cha daraja la juu yake. Unene nyuma ya makali nao una uzito uleule. Kisu cha 14C28N chenye milimita 0.3 nyuma ya makali kitapita kwenye embe au katoni kwa wepesi kuliko S90V yenye milimita 0.8, inayopasua badala ya kukata.

Kupata pembe bila kifaa: pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Kwa bapa la milimita 25, mgongo ukiwa umeinuka milimita 6.5 kutoka kwenye jiwe, uko kwenye nyuzi 15. Ukiinuka 8.6, uko 20. Kata kipande cha mbao cha kimo hicho, kiwe kipimo chako kabla ya kuanza.

Nyuzi 15 zinafaa MagnaCut, 14C28N, S35VN. Kwa S90V na M390 anza na 17 au 18, ushuke ukiona hazimeguki.

Ninaweza kunolea kwenye saruji, au kitako cha kikombe?

Inategemea chuma, na hapa ndipo wengi wanapojuta kununua chuma cha bei.

Kitako cha kikombe cha kauri, ile duara isiyopakwa rangi, ni kinoo kizuri cha dharura kwa Victorinox, 420HC, visu vya Opinel na 14C28N. Mara kumi kila upande, kwa mkono mwepesi, na kisu kinarudi. Ngazi ya saruji pia hunoa vyuma hivi, lakini kokoto zake hazilingani, zinaacha makali kama msumeno uliong'oka meno.

Ukiipeleka S90V kwenye saruji, mchanga wenye ugumu wa 1,100 utakwangua chuma kilichozizunguka kabidi, na kabidi zenyewe zitabaki juu kama mawe njiani baada ya mvua, kisha zing'oke moja moja. Utafanya kazi nusu saa na kisu kitazidi kuwa butu. Hata mawe ya oksidi ya alumini yana ugumu wa karibu 2,000 na ya kabidi ya silikoni 2,500, yote chini ya vanadi. S30V na ndugu zake zinanoleka kwa jiwe zuri la silikoni ukiwa na subira. Kuanzia M390 kwenda juu nunua almasi tu. Mabamba mawili, la 400 na la 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za almasi ni ndogo), ni sehemu ya bei ya kisu. Kama huna mpango wa kuzinunua, chukua 14C28N na uishi kwa amani.

Nitanoaje, hatua kwa hatua?

1. Paka makali rangi ya maka peni pande zote mbili. Rangi ikitoka juu tu, umelaza mno. Ikitoka ukingoni tu, umeinua mno.

2. Lowesha bamba la 400 kwa maji yenye tone la sabuni. Sugua upande mmoja, kuanzia karibu na mpini hadi ncha, kwa uzito wa vidole viwili. Usikandamize: almasi imegandishwa kwa tabaka jembamba la metali, ukiikandamiza inang'oka.

3. Endelea upande huohuo mpaka uhisi unyuzi wa chuma umejikunjia upande wa pili, kwa urefu wote. Uhisi kwa kidole gumba kikitoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kupita juu ya makali. Pale ambapo hakuna unyuzi, bado hujafika ukingoni.

4. Geuza, fanya hivyohivyo.

5. Hamia 1000, mkono mwepesi zaidi, upande mmoja na mwingine kwa zamu. Mara tano za mwisho zibebwe na uzito wa kisu chenyewe.

6. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya almasi ya maikroni 1, mgongo ukitangulia, mara 10 hadi 15 kila upande.

Kwa kukata kamba na mkonge, ishia bamba la 400 na mkanda. Makali yenye meno madogo hushika nyuzi, yaliyong'arishwa huteleza.

Kosa linaloonekana mara nyingi: kisu kinakata karatasi ya risiti kama wembe, halafu katoni ya kwanza kinakuwa butu. Huo ni unyuzi ambao haukuondolewa, umesimama wima ukajifanya makali. Kwenye vyuma vya kromi nyingi kama M390 unyuzi ni mkaidi. Rudi kwenye hatua ya 5 ukiinua pembe kwa nyuzi mbili hivi, mara mbili au tatu tu kila upande.

Ncha ikianza kuwa duara, ni kwa sababu unaitoa nje ya bamba mwisho wa kila mwendo. Simamisha mkono ncha ikiwa bado juu ya bamba, na inua mpini kidogo unapoifikia.

Mnoa visu wa baiskeli anaweza kuninolea?

Panga na kisu cha jikoni, mpe bila wasiwasi. Cha mfukoni, hapana. Jiwe lake linazunguka kavu, na ukingo mwembamba wa makali unapata joto la kuharibu kazi ya moto kabla chuma hakijabadilika rangi popote. Ukiona rangi ya buluu, hapo ugumu umekwisha na sehemu hiyo itabidi isagwe yote. Cheche zile zinazopendeza macho ni makali yako yanaondoka.

Nitajuaje kama chuma ni cha kweli?

Kuchonga "M390" kwenye bapa hakuhitaji chochote ila mashine ya leza. Kisu kipya cha M390 kwa bei ya kisu cha D2 si bahati, ni onyo. Mashine ya mionzi ya wanunuzi wa vyuma chakavu itakuonyesha kromi na vanadi ndani ya sekunde, hivyo inamkamata mwongo mkubwa, ila kaboni haiioni. Nyumbani kipimo ni kunoa: M390 ya kweli inasumbua kwenye jiwe la kawaida. Ikinoleka kwenye kitako cha kikombe kama siagi, umeuziwa jina.

Nikiwa na bajeti ndogo?

14C28N, bila kusita. Haishiki kutu, haimeguki, inanoleka kwa chochote. Ikikosekana, 12C27 au 420HC ya kiwanda chenye jina. 8Cr13MoV ya China ni sawa kwa bei yake. VG-10 ni nzuri ila makali membamba sana humeguka. Leatherman Wave+ (koleo la kukunja lenye kisu) na Victorinox hawatumii vyuma vya kifahari, na hakuna fundi umeme anayelalamika.

Na vile vya juu kabisa: S110V, Maxamet, K390?

Ni vya anayekata makatoni au mazulia siku nzima na ana almasi mezani. S110V haishiki kutu, K390 inashika, Maxamet ni ngumu na inakatika kama kioo ukiipinda. Kama hujawahi kuchoka kunoa S35VN, huvihitaji.

Nipake mafuta gani?

Mafuta ya cherehani kwenye bawaba, tone moja, na kitambaa chenye mafuta hayo kwenye bapa. Kisu cha kukatia chakula, tumia mafuta ya parafini (liquid paraffin, si mafuta ya taa) ya dukani kwa mfamasia. Mafuta ya kupikia hapana: yanageuka gundi ndani ya bawaba, yakanasa vumbi, na baada ya mwezi kisu kinafunguka kama mlango wa banda.

Kisu changu kimetoka mapengo. Nianzie wapi?

Kitazame kwa mwanga ukiwa nyuma yake. Pengo chini ya nusu milimita halihitaji fundi. Simamisha kisu wima juu ya bamba la 400, makali chini, na ukivute taratibu kana kwamba unataka kulikata bamba, mpaka pengo liishe na mstari wa makali uwe sawa. Ndiyo, unayaua makali kwa makusudi. Sasa yana ubapa unaomeremeta ukitazama kwa juu. Anza hatua ya 1, na usihamie bamba la 1000 mpaka mng'ao huo upotee wote.

Kwa 14C28N hii ni kazi ya dakika ishirini. Kwa S90V tenga jioni nzima, na safari hii ongeza nyuzi mbili kwenye pembe, kwa sababu pembe ya kwanza ndiyo iliyokuwa nyembamba mno kwa kazi unayoifanya.